Mtani Wangu Fundi wa Bunduki

Watu waliomfahamu Fundi humkumbuka kwa mikono yake, nami nawaacha waendelee, maana mikono ndiyo kitu pekee kizuri alichojaliwa. Mimi namkumbuka kwa shingo. Hakuwa nayo. Kichwa chake kilikaa juu ya mabega kama chungu juu ya mafiga, na kila nilipompelekea mkaa nilimwuliza shingo yake ameiuza wapi, au kama ni mizigo ya Waarabu iliyoidumbukiza tumboni. Naye alinijibu bila kuinua macho kwamba sisi Waluguru tuna mguu mmoja mfupi kwa kutembea mlimani upande upande, na kwamba tukishuka Morogoro kwenye tambarare tunazunguka palepale mpaka atokee mtu mwema wa kutushika mkono. Baada ya hapo ndipo aliponionyesha pa kumwaga mkaa.

Yeye alikuwa Mnyamwezi, mimi Mluguru, na makabila yetu ni watani. Kwa asiyejua utani, nimweleze. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akachukua kuku wako uani na kuondoka naye kwa miguu, nawe huruhusiwi kununa. Siku ya msiba ndiye anayekuja kushika jembe la kaburi, ndiye anayelala kaburini na kudai posho kabla maiti hajaingia, ndiye anayemwiga marehemu mpaka wafiwa wacheke na machozi yakiwa mashavuni. Kumkasirikia mtani ni aibu iliyozidi wizi. Bila utani, mimi na Fundi tusingekuwa na neno la kuambiana. Kwa ajili ya utani huohuo nilikaa miaka mingi nikimtetea, na hilo linanichoma mpaka leo.

Kibanda chake kilikuwa chini ya boma, karibu na mto. Wajerumani wote wenye bunduki za kuwindia walimjua: wa mashamba ya mpira, wa katani, wa reli, hata wale waliopita tu kwenda mbugani kutafuta pembe. Vumbi la mbuga na ukungu wa mlima vilikula bunduki zao, nao wakashuka nazo kwa Fundi. Alisema bunduki ya Ulaya haifi, vinakufa vidude vyake vidogo. Kamani, ule waya uliojikunja unaosukuma, unachoka na kulegea. Sindano inayogonga risasi inavunjika ncha. Na kishikizi, kile kipande kidogo kinachoizuia kamani mpaka kidole kivute kifyatulio, kinasuguliwa ukingo wake mpaka kinakuwa laini kama ufizi wa bibi kizee. Vipuri vya Ulaya vilichukua miezi baharini. Fundi hakuvingoja.

Akishachonga kidude kwa tupa, alikizika ndani ya chungu pamoja na unga wa mkaa wangu wa mti wa mkambala na kwato za mbuzi zilizochomwa, akaziba mdomo kwa udongo, akakipika motoni. Uvundo wake uliwafukuza majirani. Kikitoka hapo ngozi yake ilikuwa ngumu, tupa ikiguswa inateleza. Kisha alikisugua kwa mafuta na mchanga mwororo wa mtoni, taratibu, akikisemesha. Mwanamume huyo ambaye hajawahi kumwambia mke wake neno jema, na wake zake walikuwa wakimkimbia mmoja baada ya mwingine, alikiita kile kidude mwanangu, mpenzi wangu, shika basi, usiniaibishe. Nilikuwa nikimsikia nikitaka kutapika.

Wala hakuridhika kurudisha kitu kama kilivyokuwa. Alitaka kiwe bora. Wazungu walipenda kifyatulio chepesi, na yeye alikifanya chepesi mpaka akajisifu kwamba bunduki yake inalia mwenye nayo akiwaza tu kupiga. Msemo wake mwingine ulikuwa huu: bunduki haijui adui, inajua jirani. Aliusema akicheka, na wabeba bunduki waliokuwa wakisikiliza hawakucheka.

Alikuwa pia akiwang'oa watu meno kwa koleo lake la kazi. Mara moja mpagazi mmoja alikuja shavu limevimba, akang'olewa jino huku akipiga kelele, akaenda zake na jino likabaki mezani. Wiki hiyohiyo bwana wake, Mjerumani mmoja mwenye macho mabovu, alitaka kile kinundu cha mbele cha kulengea kibadilishwe, awekewe cheupe apate kukiona jioni. Fundi akachonga jino la mpagazi, akalipachika mdomoni mwa mtutu, akamwambia Bwana kwamba ni pembe ya mtoto wa tembo. Bwana akaionyesha bomani kwa majivuno. Tangu siku ile, kila alipomlenga swala alimtazama kupitia jino la mtu aliyembebea vitanda. Mpagazi mwenyewe alipopata habari alikuwa akiisalimu bunduki ile njiani, akiliuliza jino hali yake. Tulicheka sana. Siku hizo tulicheka tulipopata nafasi.

Lakini magobori ya weusi hakuyagusa kwa kuyatengeneza. Aliyagusa kwa kuyavunja. Baada ya vita vya Maji Maji boma lilikusanya magobori ya vijiji vyote vya mlimani, nao wakamwita Fundi ayapasue kwa nyundo mbele ya wenyewe. Wazee walisimama kwenye jua. Kila gobori alilipandisha juu ya fuawe, akamwuliza mwenye nalo kama lina wosia, kisha akapiga. Gobori la mjomba wa mama yangu lilikwenda hivyohivyo. Mzee yule alirudi nyumbani akalala akiwa ameuelekea ukuta, hakula siku hiyo wala iliyofuata. Na vyuma vizuri vya ndani Fundi alivitoa akavificha. Baadaye nilimwona akizikata kamani za babu zetu na kuzitia katika bunduki za Wajerumani. Nilimwambia yeye ni fisi anayekula nyumba aliyolazwa. Akasema ndiyo, na chuma chenu kitamu.

Mtu huyo aliogopa radi. Ikipiga huko kileleni Lupanga, milima ikajibizana, Fundi alivitupia vyuma vyake mkeka akatambaa uvunguni. Nilimkuta humo mara kadhaa. Nilikaa juu ya kitanda chake, nikampigia hadithi za watu waliopigwa radi wakabaki mkaa, nikamwambia nikipata mkaa wake nitamwuzia fundi mwingine. Alitetemeka na kunitukana kutoka chini. Nakiri kwamba saa hizo nilimpenda kidogo.

Sasa niseme kuhusu kugonga, maana huko ndiko kila kitu kilikoelekea.

Bunduki ikishapona, Fundi hakumpa mwenyewe mkononi. Alimwita mbeba bunduki wake. Alitia risasi ya kweli, akalivuta komeo tayari kwa kupiga, akamkabidhi yule mtu aishike imara, mtutu ukielekea juu kando ya sikio lake, kitako hewani. Kisha akachukua nyundo ya mti akagonga kitako kwa nguvu. Kishikizi kikiwa kizima, kinakaa kimya. Kikiwa kibovu, kinaachia. Mabwana walisimama mbali wakitazama, wengine wakicheka jinsi mtu anavyofumba macho na kukojoa miguuni. Nilimwuliza kwa nini asiifunge kwenye mti. Akajibu kwamba mti haubebi bunduki mlimani, anayebeba ni mtu, basi naye alipe ushuru wake mapema.

Mara moja niliona kikiachia. Bunduki ililia, na mbebaji, mtu mzima mwenye watoto, akaanguka akiwa ameshika upande wa kichwa. Sikio lilikuwa limechanika vipande, na upande ule hakusikia tena maisha yake yote. Fundi alimruka pale chini, akaokota bunduki akaiangalia tumboni. "Nimeona," akasema. "Kinataka moto zaidi." Mwenye bunduki akamwonyesha kidole gumba. Mbebaji alipoweza kusimama aliambiwa aishike tena, ikagongwa tena, na safari hii ikakaa kimya.

Watu walimwita muuaji kwa sababu ya kugonga huko. Lakini lazima niseme na hili, ingawa linaniuma ulimi: hakuna bunduki aliyoigonga Fundi iliyomuua mbebaji wake njiani. Wabebaji walijua. Walimchukia, na wakipewa bunduki iliyotoka kwa fundi mwingine waliuliza, kwa woga, kama imegongwa.

Mdogo wangu Mkude alikuwa mbeba bunduki. Kwetu sisi nyumba ni ya mama, na mwanamume wa nyumba ni kaka au mdogo wa kiume, si mume. Mkude ndiye aliyekuwa mjomba wa wanangu, ndiye aliyesema kwenye baraza la ukoo mashamba ya mama yetu yalipotajwa, na hatukuwa na mwingine. Mume wangu akifa ningelia. Mkude akifa ningekosa pa kulima. Nilimwomba aache kazi hiyo akacheka, akasema bora kubeba bunduki moja kuliko kubeba debe la mawe.

Bwana wake alikuwa Mjerumani aliyechimba ulanga huko juu, yale mawe yanayometameta na kubanduka ganda kwa ganda, nasi tukamwita Bwana wa Ulanga. Alikuwa mwepesi wa kiboko. Kosa dogo, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Kosa lisilojulikana, hamsa ishirini vilevile. Bunduki yake ya kuwindia ilianza kujifyatua ovyo, akaileta kwa Fundi, akasema ana wageni wanaokuja kuwinda chui upande wa Mgeta, na siku ya kuondoka isipokuwa tayari, Fundi atalazwa chini hapohapo kibandani pake. Kipuri cha Ulaya hakikuwapo. Fundi akachonga kishikizi kutokana na chuma cha gobori.

Siku ya kuichukua nilikuwa nimekwisha kupeleka mkaa nikarudi. Mkude alipita nyumbani akiwa na bunduki begani, uso umejaa furaha. Akaniambia kwamba alikuwa amejiandaa kugongwa, amefumba macho na kuomba dua zote anazozijua, na Fundi akaweka nyundo chini. Alimwambia Bwana wa Ulanga mbele ya wageni kwamba huyu ni ndugu wa mtani wangu, kwetu ndugu wa mtani hagongwi, na bunduki ni nzima. Wageni wakapenda sana desturi hiyo. Bwana naye alikuwa na haraka. Wakaondoka.

"Yule mchawi wako ana moyo," Mkude akasema.

Nikafurahi. Kesho yake nilimpelekea Fundi mkaa wa juu kabisa, na nilipoumwaga nilimwambia kwamba leo nimemwona ana shingo, japo fupi. Aliendelea kupiga tupa bila kurudisha tusi. Nilidhani amechoka.

Mkude alikufa wakishuka kuelekea Mgeta, kwenye ile njia ambayo mguu mmoja uko hewani na mwingine kwenye utelezi. Aliteleza, kitako kikagonga jiwe, bunduki ikalia, risasi ikamwingia chini ya kidevu. Walionihadithia walisema hakupata hata nafasi ya kushangaa. Bwana wa Ulanga alikasirika kwa sababu kitako kilipasuka. Aliituma bunduki kwa Fundi kwa mkimbiaji, ikafika Morogoro kabla ya maiti ya ndugu yangu.

Bomani walitaka kujua sababu. Bwana akasema mtumishi alikuwa mzembe. Fundi akaitwa, akaulizwa kama bunduki ilitoka kwake ikiwa nzima, akasema nzima. Basi, ikaandikwa kwamba Mkude alijiua kwa uzembe, na mshahara wake wa mwezi ukazuiliwa kwa ajili ya kitako.

Fundi akaja msibani. Hakukosa, maana mtani hakosi. Alichimba kaburi hadi kiunoni, akalala humo akasema hatoki mpaka apewe kuku, akapewa. Kisha akachukua mchi akauweka begani, akaanza kutembea kama Mkude: zile hatua zake za kurusha goti, ule mtindo wake wa kugeuka nyuma kila mara kutazama kama Bwana yuko. Alimpata sawasawa. Mama yangu, aliyekuwa hajanywa hata maji, alicheka mpaka akaanguka ubavu. Nami nilicheka. Nilimtazama yule mtu asiye na shingo akimrudisha mdogo wangu uani kwetu kwa dakika chache, nikamshukuru Mungu kwa watani.

Baada ya hapo nyumba yetu haikuwa na wa kuisemea. Baraza la ukoo lilikaa, shamba la bondeni lenye maji likaenda kwa nyumba nyingine ya ukoo iliyokuwa na wanaume, nasi tukaachiwa mawe ya juu. Wanangu walikua wakiazima jembe. Na wanawake walipomlaani Fundi kisimani, mimi nilimtetea. Niliwaambia hamjui alichomfanyia Mkude, alimhurumia mbele ya wazungu, bahati mbaya tu ikapita. Kati ya maovu yake yote nilikuwa na jema hilo moja nimelishika, nalo lilikuwa langu, lilitendwa kwa ajili yangu. Nililihitaji kuliko shamba.

Vita vya wazungu kwa wazungu vilipofika, boma lilichukua bunduki zote za kuwindia likawapa askari, na Fundi akabaki bila kazi. Kifua chake kilikuwa kimeharibika kwa moshi na vumbi la chuma. Mke wake wa mwisho, Mluguru wa juu, akampeleka kwao upande wa Mgeta. Siku moja nikaletewa habari kwamba mtani wangu ananiita. Nikapanda, siku nzima, kwa njia ileile.

Nilimkuta amelala karibu na moto, amebaki mifupa. Mke wake alikuwa nje akipukuchua maharage.

"Umekuja kuniona nikifa, au umekuja kula maharage?" akaniuliza.

"Nimekuja kuhakikisha," nikamwambia. "Ninyi Wanyamwezi mna tabia ya kufa nusu nusu mkasumbua watu."

Akacheka akakohoa. Akataka kujua kama nitamzika kwa utani. Nikamwambia bila shaka, nitatambaa uvunguni mbele ya wote niwaonyeshe jinsi alivyokuwa shujaa wa radi. Hilo likamfurahisha sana. Kisha akasema kuna neno hataki kuzikwa nalo.

"Ile bunduki ya Bwana wa Ulanga. Niliigonga mwenyewe kabla hawajafika, bila risasi. Kishikizi kiliachia."

Nikadhani homa inasema. Nikamwuliza kiliachia mara ngapi.

"Kila nilipogonga. Kile chuma kilikuwa kibaya, kiliungua kwenye chungu. Ningeigonga mbele ya Bwana ingelia palepale, na mgongo wangu ndio ungelipa. Ndipo nikasema ni ndugu wa mtani wangu, simgongi. Wote waliamini. Hata yeye aliamini, akanishukuru."

Nilisikia maharage yakidondoka nje kwenye ungo. Nilikuwa na swali moja tu.

"Kwa nini hukumnong'oneza atoe risasi njiani?"

"Angemwambia Bwana," akasema.

Mkude hangesema. Fundi alijua hangesema. Neno moja sikioni, naye angeshuka Mgeta na bunduki tupu begani akiimba. Badala yake alimpa utani wangu, akaufunika juu ya chuma kibovu, akamsindikiza kwa tabasamu. Kisha akaja uani kwetu akatuchekesha.

Nilisimama. Nikapiga goti mbele yake, kama tulivyofundishwa kuwapigia wakubwa.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Miaka yote ile sikuwahi kumpa shikamoo. Mtani hapewi. Shikamoo ni ya mkubwa unayemheshimu na huna mchezo naye, mtu wa mbali. Aliielewa upesi. Macho yake yakafunguka, na marahaba haikutoka.

"Mtani," akasema. "Nitukane."

"Mimi ni mtoto wa watu, mzee. Simtukani mtu mzima nisiyemjua."

Nikamwomba ruhusa ya kuondoka. Alianza kunitukana yeye, sauti ikikatika: miguu yangu, mama yangu, mlima wetu, matusi yake mazuri yote aliyowahi kuyatunga, moja juu ya jingine, akingoja nigeuke. Nilimshukuru mke wake kwa maji nikashika njia. Kila nyumba niliyopita niliomba kupumzika, na kila nyumba niliwasimulia alichoniambia, bila kuongeza wala kupunguza.

Alipokufa walinitumia mtu. Nikamjibu kwa adabu kwamba amepotea nyumba, hapa hakuna mtani wa marehemu. Waluguru wengine walikuwapo kulekule, mlima mzima, na yeyote kati yao angeweza kulala kaburini na kudai kuku. Hakutokea hata mmoja. Walikuja wanaume wachache, wakachimba, wakamfukia, wakanawa mikono. Hakucheka mtu.